Zizi la Mama Kwenye Seva ya Kukodi

Mimi ndiye niliyebonyeza "Nakubali." Naliweka hili mwanzoni ili asitokee mtu akaligundua katikati na kujiona mwerevu.

Nina duka la stesheneri Nyasubi, Kahama. Natoa fotokopi, napiga picha za pasipoti, nawajazia watu fomu za ajira, na mara moja moja naandika barua za kuomba radhi kwa wakwe. Katika duka hilo hilo, chini ya meza ya printa, kwa karibu miaka miwili palikuwa na kijiji.

Kilikuwa kijiji cha kwenye kompyuta. Kuna mchezo wa kujenga kwa vitofali vya mraba: unachimba, unalima, unafuga, unajenga, na hakuna anayeshinda. Kila mchezaji anao kwenye simu au kompyuta yake, lakini ardhi mnayojenga pamoja lazima ikae kwenye kompyuta moja, na wengine wote waingie humo kwa intaneti. Hiyo ndiyo seva. Seva yetu ilikuwa ile kompyuta yangu ya chini ya meza. Ikizimika, kijiji kimefungwa, na kila mtu anabaki nje na bando lake.

Tulikuwa wanne, watu wazima wenye kazi, na tulikutana humo Jumapili alasiri baada ya ibada na chakula. Aliyenitia katika balaa hili ni jirani yangu mwenye duka la vifaa vya ujenzi, Mhindi wa Kahama tangu enzi za babu yake, anayejua Kisukuma cha kupatana bei kuliko mimi. Ana miaka arobaini na bado anacheza kwa kumficha baba yake. Wa pili ana karasha huko Geita, yaani mashine ya kusaga mawe ya dhahabu, na ukimpigia simu lazima usikie nyuma yake kuna kitu kinavunjwa. Wa tatu ni karani wa mizigo kwenye bandari kavu ya Isaka, mzaliwa wa Kishapu, mtu mpole ambaye malori yanamgombeza kutwa nzima naye anayajibu kwa adabu.

Sisi wengine tulijenga upuuzi. Jirani yangu alijenga jengo la ghorofa kumi na mbili lisilo na choo. Mwenye karasha alichimba shimo. Mimi nilijenga duka la stesheneri, jambo ambalo sijaweza kulieleza hadi leo. Lakini karani alijenga kitu kimoja tu, na alikijenga kwa mwaka mzima: mji wao wa zamani wa Kishapu, ule aliozaliwa.

Wa kweli haukuwapo tena. Baba yao alipofariki, kaka zake walimhamishia mama Mhunze kwenye nyumba ya bati kando ya barabara, na zile nyumba za udongo mvua ikazimaliza. Palibaki uzio wa minyaa na mahali kilipokuwa kihenge cha kuhifadhia mtama. Kwa hiyo karani alikuwa akimpigia mama yake kumuuliza kutoka jikoni hadi kwenye kihenge ni hatua ngapi. Mama akauliza hatua hizo ni za nini. Karani akajibu ni za kazini. Mama akahesabu kwa kukumbuka, akampa, na yeye akazijenga.

Sasa, seva ya chini ya meza ilikuwa na matatizo yake. Umeme ukikatika, kijiji kinakatika. Dada wa usafi aliwahi kuichomoa ili achaji simu. Na Jumapili moja alikuja mtu kuchapa kadi mia mbili za mchango wa harusi. Kompyuta ikachagua harusi, kijiji kikaganda, na mwenye karasha akagandia hewani, katikati ya kuruka kutoka kwenye paa. Alikaa hewani dakika arobaini. Aliposhuka alisema kwa utulivu kwamba wakati umefika wa kukodi seva ya watu wenye umeme.

Nilitafuta wiki mbili. Seva za bei kubwa zilikuwa na maneno mengi mazuri. Za bei nafuu zilikuwa na maneno hayo hayo. Jirani yangu alisema tuchukue ya rahisi kuliko zote, maana saruji ni saruji, na aliyesema hivyo ni muuza saruji. Mwenye karasha alitaka kujua hiyo mashine yenyewe imekaa wapi. Nilimwambia Ulaya, kwenye jengo lenye mashine nyingi. Akauliza mlinzi ni nani. Karani wa Isaka, kama mtu wa mizigo, aliuliza jambo moja tu: kijiji kikisafirishwa, hakuna kitakachodondoka njiani? Nikamwahidi hakuna.

Nikapata moja ambayo kwa mwezi, tukigawana wanne, kila mtu alitoa chini ya sahani ya chipsi mayai. Nikalipia miezi sita mbele ili tusije tukaaibishana. Kulikuwa na masharti marefu kama orodha ya wapiga kura. Mimi, ambaye kila siku nawagombeza wateja kwamba usitie sahihi fomu usiyoisoma, niliyateremsha kwa kidole hadi mwisho na kubonyeza. Kinyozi hajinyoi. Kijiji kikahamia Ulaya salama, na ile kompyuta ya zamani nikampa mwenye karasha aandikie mifuko ya mawe ya wateja wake.

Pasaka ikaja, na karani akaenda Mhunze kumsalimia mama yake. Siku hiyo akaamua kumwonyesha. Sisi watatu tuliingia mapema tukajipanga kwenye uzio wa minyaa, kama watendaji wa kata wanaomsubiri mkuu wa wilaya. Karani alimshikia mama simu mbele ya macho, sauti ikaja. Nikamwamkia shikamoo. Akaitikia marahaba, akaniuliza niko wapi. Nikasema Nyasubi, dukani. Akauliza kama niko Nyasubi, huyu aliyesimama kwenye minyaa yake ni nani.

Mwanawe akamweleza kwamba mji wao sasa unatunzwa kwenye kile kinachoitwa wingu. Mama akasema watu wa Kishapu hawalisifu wingu mpaka linyeshe. Kisha akazungushwa. Aliingia nyumba kubwa, akaingia jikoni, akakiona kihenge. Kwenye zizi aliuliza hawa ng'ombe ni wa nani, wanene hivi bila malisho. Halafu akaona kosa.

"Lango si hapo," alisema. "Lango la zizi linatazama mlango wa jiko. Wewe umelielekeza barabarani kama la bandarini kwenu. Mimi nikiwa jikoni nitawaonaje ng'ombe wakitoka?"

Tukalihamisha lango saa ile ile, sote wanne, yeye akisimamia. Jirani yangu alinung'unika kwamba hata baba yake hasimamii hivyo. Lilipokwisha, mama alimwambia mwanawe arudi asimame kwenye mlango wa jiko, halafu ng'ombe watolewe. Nikawatoa. Akawa anawaangalia wakipita mmoja mmoja, na huko Mhunze tukasikia mtu anaita kwamba chakula kinapoa, naye akamwambia kingoje. Mwishoni akasema, "Wabeja," yaani asante, bila kutaja anamshukuru nani. Mimi niliichukua kama yangu na sijairudisha.

Mwezi wa sita, pamba ikiwa imeshavunwa, alifariki. Aliugua siku nne tu.

Tulikwenda Kishapu kuzika. Nilibeba mchele. Jirani yangu alileta saruji ya kaburi, na mara hii hakuleta ya rahisi. Mwenye karasha alifika na vumbi la mawe bado liko masikioni, akakaa chini ya turubai na wazee kana kwamba ni mtoto wa pale. Na ni yeye aliyetoa hoja, jioni baada ya maziko, tulipokuwa watatu pembeni tukinywa chai. Alisema kwetu Usukumani kukiwa na msiba jembe halishikwi. Ukionekana shambani wenzako wako matangani, unatozwa faini, na ukibahatika unatozwa faini tu. Sasa sisi tuna mashamba na mwenzetu, alisema, tena tuna majembe. Haiwezekani yeye yuko msibani na sisi tunalima ubavuni mwa mji wa mama yake.

Mtu mwingine angecheka. Sisi tuliona ana hoja. Tukakubaliana jembe liwekwe chini, asiingie mtu kijijini mpaka mwenye msiba mwenyewe atakapolishika kwanza. Hatukumwambia karani. Heshima haitangazwi.

Na tukaishika, hilo ndilo linaloniuma hadi leo. Wiki ya kwanza ikapita, ya pili ikapita. Karani alikuwa na shughuli za kumaliza matanga, dada zake wa mbali, vikao vya ukoo, mambo ambayo hayaishi kwa siku moja. Jumapili alasiri nilikaa dukani nikipanga upya bahasha zilizokwisha kupangwa. Jirani yangu alikuja kununua gundi ambayo anaiuza mwenyewe. Hakuna aliyeingia.

Kwenye mwezi hivi, nilifungua barua pepe ya duka kutafuta cheti cha mteja, nikakuta barua nne kutoka kwa wenye seva. Ya kwanza ilisema wametukumbuka, na ilikuwa na mchoro wa kikatuni kinacholia. Ya pili ilisema kwa kuwa hakuna mchezaji aliyeingia kwa siku saba, seva imezimwa ili kutunza nafasi, kwa mujibu wa masharti ya mpango wa bei nafuu niliyoyakubali. Ya tatu ilisema isipowashwa ndani ya siku kumi na nne itafutwa. Ya nne ilisema imefutwa, na je, ningependa kuipa huduma yao nyota ngapi.

Niliwapigia wenzangu mmoja mmoja. Nikawauliza kwa upole, nikiwahakikishia kwamba sitakasirika: kweli hukuingia hata mara moja? Hata kuchungulia? Wote waliapa. Sijawahi katika maisha yangu kutamani hivyo kwamba mmoja wa rafiki zangu awe mnafiki. Mtu mmoja asiye na adabu, dakika moja kwa wiki, na mji wa mama ungekuwapo. Tuliufuta kwa kuuheshimu.

Niliwaandikia wenye seva. Nilieleza msiba, nilieleza jembe. Walijibu upesi kwamba wanasikitika kwa usumbufu, kwamba data iliyofutwa hairudi, na kwamba mpango wa juu zaidi hauna sharti hilo. Nikaisoma nikiwa nimesimama kwenye mashine ya fotokopi, na nikalia. Mteja aliyekuwa akisubiri nakala za kitambulisho akanipa pole, akasema hata ya binamu yake hukwamisha karatasi hivyo hivyo.

Kilichonitesa ni karani. Nilimwahidi hakuna kitakachodondoka njiani. Mtu amezika mama, anarudi kazini Isaka, na sehemu moja duniani alimomwona mama yake akisimama kwenye mlango wa jiko lake nimeifuta mimi kwa kubonyeza. Nilikuwa sili vizuri.

Ndipo nikakumbuka ile kompyuta ya zamani. Nilimpigia mwenye karasha, nyuma yake mawe yakivunjika, nikamuuliza kama alifuta vitu vyangu alipoanza kuitumia. Alinijibu kana kwamba nimemtukana.

"Dada," akasema, "huku sisi hata marudio hatutupi."

Marudio ni ule mchanga unaobaki baada ya mawe kusagwa na dhahabu kutolewa. Mtu wa nje ataona ni taka. Wao wanaurundika nyuma ya mashine miaka na miaka, kwa sababu daima kuna kitu kimebaki ndani, na siku moja utasagwa tena. Mtu aliyekulia katika kazi hiyo hawezi kufuta faili la mwenzake. Kesho yake akaja kwa basi la asubuhi, kompyuta nzima ameipakata ndani ya kiroba. Nilimwambia ingetosha diski tu. Akasema njiani kuna matuta, na yeye hakujua kijiji kimekaa upande gani.

Tulipoifungua ilimwaga vumbi mezani kama kijiko kimoja hivi. Ikawaka. Kijiji kilikuwamo. Tuliingia kuangalia tu, mwenye karasha akisisitiza kwamba kuangalia si kulima. Nyumba kubwa ipo, jiko lipo, kihenge kipo, ghorofa la jirani lipo kwa bahati mbaya. Lakini ilikuwa nakala ya siku tuliyohama, wiki kadhaa kabla ya Pasaka. Tukafika kwenye zizi. Lango lilikuwa linatazama barabarani.

Jirani yangu, aliyekuwa ameegemea meza yangu, alisema tulihamishe sasa hivi, sisi tunajua linapokaa, mwenzetu hatajua kitu. Alisema kwa nia njema. Mwenye karasha alisema kutengeneza nako ni kazi, na jembe liko chini. Walinitazama mimi. Nitasema ukweli: niliweka mkono kwenye kipanya. Ilikuwa kazi ya robo saa, na hakuna ambaye angenilaumu tena. Lakini lango lile mama alilihamisha mwenyewe kwa mdomo wake, na mimi sikuona nafasi yangu ya kuigiza amri yake ili nijiokoe. Nikautoa mkono.

Karani alikuja dukani wiki iliyofuata, kabla ya kuripoti Isaka. Amenyolewa kichwa, amekonda, shati la kazini. Kulikuwa na wateja watatu kwenye foleni. Nilimpa kiti, nikamwambia yote kwa mpangilio: jembe, siku saba, masharti, barua ya kikatuni, kompyuta ya Geita, na lango. Sikujitetea. Wale wateja walisikiliza kwa makini, na mmoja akatikisa kichwa aliposikia sikusoma masharti.

Akaomba kuona. Nikamgeuzia kioo, akashika kipanya, akaingia kijijini. Alipita kwenye minyaa, akapita nyumba kubwa bila kuingia, akaenda moja kwa moja hadi kwenye zizi, akasimama mbele ya lango. Mimi nilikuwa naangalia mikono yake kwa sababu usoni sikuweza.

"Kwa hiyo hapa Mama bado hajafika," akasema.

Nikamwambia ndiyo. Bado hajafika.

"Basi msiliguse," akasema. "Akija atasema mwenyewe."

Halafu akatoka zizini, akaenda kwenye kishamba kilicho kati ya jiko na kihenge, akatoa jembe, akalima mraba mmoja. Akanirudishia kipanya, akaniambia niwajulishe wenzetu kwamba jembe limeshikwa, na akauliza kama basi la Isaka limeshapita. Nilipobaki peke yangu na foleni yangu nikakosea fotokopi za watu wote watatu.

Kijiji sasa kiko tena kwenye seva ya kukodi, kampuni nyingine, bei ile ile, na sharti lile lile la siku saba. Safari hii nililisoma. Tungeweza kulipa kidogo zaidi na kuliepuka, jirani yangu mwenyewe alilipendekeza, na karani akasema hapana, liache. Nakala tumezigawa, moja Geita, moja Isaka, moja kwa jirani yangu ndani ya droo ambayo baba yake haifungui, kwa sababu Msukuma halazi ng'ombe wake wote zizi moja, na hilo tulilijua tangu utotoni na bado hatukulifanya.

Kwa hiyo kila Jumatatu asubuhi, kabla sijawasha mashine, naingia. Tumegawana siku, na hiyo ndiyo zamu yangu. Nabisha hodi kwenye minyaa, kwa sauti, dukani, na dada wa usafi ameshaacha kugeuka. Napita jikoni, nasimama mlangoni. Kutoka hapo zizi linaonekana, lakini ng'ombe huwezi kuwaona wakitoka. Alikuwa sahihi. Nangoja dakika moja, halafu nafungua duka.